Mluzi kwenye Simu ya Geti

Jumatatu, 2 Juni 2025

Wameachiwa. Wote wawili. Ushahidi hautoshi. Dada Ng'washi kanipigia kutoka kijijini kwetu Shishiyu saa nne asubuhi. Anasema wamepita mbele ya mji wetu wakicheka, mmoja kavaa shati jipya.

Miezi kumi na nne tangu wamuue baba kwa mapanga. Na hawakumfuata baba. Walimtaka mama, eti mchawi, ana macho mekundu. Macho ya moshi wa kupikia mavi ya ng'ombe maisha yake yote! Nilimleta hapa Bariadi baada ya msiba, lakini Bariadi si mbali. Mimi na mke wangu Jenifer tunashinda kazini, mama anabaki peke yake na geti la kusukuma.

Kesho namfungia simu ya geti. Amsikie mtu kwanza, ndipo abonyeze kufungua. Nimewafungia matajiri wangapi hapa mjini? Kwa mama yangu nilikuwa nasubiri nini, sijui.

Jumanne, 3 Juni

Boksi la nje kwenye nguzo ya geti. Mkono wa simu sebuleni, karibu na kiti cha mama. Waya nne kati yao — mbili za umeme, moja ya sauti, moja ya kitasa.

Kitasa kinalia tik, hakifunguki. Testa inasema volti kumi na mbili kwenye adapta, nane na nusu getini. Nilitumia waya mwembamba uliobaki kwenye kazi ya Lamadi. Mita arobaini, umeme wote umeishia njiani. Ubahili wangu huu! Angefanya fundi mwingine ningemcheka mwezi mzima.

Jumatano, 4 Juni

Waya mpya, mnene. Jenifer kasimama getini, mimi ndani. Nimesikia mpaka pumzi zake. Nimebonyeza, geti likafunguka. Mama alikuwa akitutazama tu. Nikamwambia ajaribu. Akasema mikono ina unga.

Haikuwa na unga.

Ijumaa, 6 Juni

Tatizo. Saa saba nimepita nyumbani, nikabonyeza kengele, nikamwita mama. "Mayu, ni mimi, Limbu." Kimya. Nikaita tena, na tena. Nikaingia kwa ufunguo, jasho limenitoka mgongo mzima. Mama yuko kwenye kiti chake, simu iko hatua moja kutoka kwake, anapepeta mchele.

Nikamuuliza kama haikulia. Akasema yeye hajui mambo yetu.

Nimepima. Iko sawa. Nimetoka saa tisa, nikabonyeza kutoka nje — kimya. Jenifer karudi, nikapokea mimi, inafanya kazi! Tatizo la kuja na kuondoka. Hakuna baya kama hilo.

Jumamosi, 7 Juni

Siku nzima. Nimekata viungo vyote na kuviunga upya. Nimebadilisha mkono wa simu. Nimefukua bomba la waya nikidhani maji yameingia. Kukavu.

Jenifer alisimama mlangoni na ndoo yake. "Umepima kila kitu, mama hujampima." Nikamjibu vibaya. Sikupaswa.

Jumapili, 8 Juni

Baada ya misa nimekaa chini, karibu na miguu ya mama. Nimemuuliza, mayu, unaisikia ikilia? Akasema anaisikia. Na mimi ananisikia nikiita.

Halafu akasema yale ambayo hakuyasema hata polisi. Siku ile, giza likiingia, aliyeita nje hakuwa mgeni. Sauti waliijua. "Mahona, ng'ombe wako wametoka." Baba akaitika, akatoka. Kwao tangu utotoni walikatazwa kuitikia sauti ambayo hawaoni mwenyewe. Baba alijua hivyo, akaitika kwa sababu ya ng'ombe.

"Na wewe umeniwekea sauti ukutani, inaniita jina."

 Siku tano nimehangaika na waya. Naona aibu kuandika hapa.

Jumatatu, 9 Juni

Nimepata njia. Sisemi kitu. Napiga mluzi wa baba, ule wa kurudisha ng'ombe zizini — mirefu miwili, mfupi mmoja. Nimepiga getini saa kumi. Geti tik, likafunguka. Nimemkuta mama kashika simu kwa mikono miwili, machozi yanamtoka, na anacheka. Tangu msiba sijamwona akicheka.

Jumanne, 10 Juni

Inafanya kazi. Mara tatu leo.

Alhamisi, 12 Juni

Nimerudi kutoka Lamadi saa tisa na nusu. Geti liko wazi. Wazi kabisa, mbuzi wa jirani yuko ndani anakula maua ya Jenifer.

Mama yuko kwenye kiti. Mzima. Ananiuliza mbona nimechelewa kuingia, kanifungulia tangu saa sita. Nikasema sikuwepo. Akasema nilipiga mluzi, mirefu miwili, mfupi mmoja.

Nimezunguka nyumba yote. Jikoni, chini ya vitanda, bandani. Hakuna mtu. Kwenye mchanga kando ya tangi kuna alama za viatu. Si vyangu.

Mimi ni mpumbavu. Mluzi wa baba unajulikana na kila aliyechunga naye kule mtoni Shishiyu. Wale wawili walioachiwa walichunga naye. Mmoja alijifunza kupiga mluzi kwa baba, mimi nikiwapo.

Nimekata waya wa kitasa. Nimetia kufuli getini. Jenifer nimemwambia alale kwa dada yake. Sasa ni saa kumi na moja kasoro, naandika sebuleni, koleo bado iko mapajani.

Kengele imelia.

Mama ananitazama mimi, hatazami simu. Imelia tena. Sasa mtu anaita, taratibu, sauti ninaifahamu tangu enzi za kuchunga mtoni. Anasema, "Limbu. Limbu, uko ndani?"

Sijaitika.