Bomba Kwenye Ukuta wa Mbele

4 Februari

Mwanangu kipenzi,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ila baba yako tangu apooze upande mmoja, ngazi zinamtoa jasho. Kulala juu, choo uani. Chini hakuna pa kumlaza, shirika lenu la kuhifadhi nyumba za kale lilipafanya ukumbi wa mikutano ya mtaa. Fundi anasema choo kinaweza kujengwa huko juu, bomba likashukia ukuta wa mbele. Lakini shirika lenu lilipotutengenezea nyumba bure, tulikubali tusiguse kitu bila ruhusa. Wewe uko ofisini kwao. Tusemee.

Mama yako

19 Februari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mpe baba pole nyingi. Nimezungumza na mkurugenzi. Amesikitika sana, lakini bomba litaharibu sura ya nyumba ya asili, na wafadhili wanakuja mwezi ujao. Kamati itakaa baada ya ziara. Vumilieni kidogo tu.

Mwanao

2 Aprili

Mwanangu,

Hujambo huko? Sisi tunajikongoja. Wageni wenu walikuja, wakapiga picha ngazi, wakapapasa mbao. Mmoja akamuuliza baba yako anajisikiaje kuishi humu. Akajibu, "Kama kuku kabatini." Mkalimani akatafsiri, wote wakapiga makofi. Sijui alitafsiri nini.

Ombi letu limefikia wapi?

Mama yako

30 Mei

Mama,

Shikamoo. Tangu nirudi kutoka kumzika baba hupokei simu zangu. Unakula? Unalala? Kila nikifumba macho namwona anateremka zile ngazi peke yake kwenda chooni, anaanguka.

Kamati imekubali choo kijengwe. Isitoshe, wanataka ukumbi uitwe kwa jina la baba, na kibao cha mbao mlangoni. Nimewaambia utafurahi.

Mwanao

12 Juni

Mwanangu,

Barua nimeipata. Ya afya yangu tuyaache.

Sikufurahi. Jina la baba yako msilibandike popote. Yeye aliomba choo.

Nimehamia kwa shangazi yako. Nyumba ya saruji, mbaya kuitazama, lakini choo kiko hatua chache kutoka kitandani. Funguo nilimkabidhi mkurugenzi wenu. Akaniuliza, "Sasa mama, nani atakaa humo?" Nikamwambia, "Kaa wewe. Miguu unayo."

Ukitaka kuja, njoo. Ila shangazi yako ndiye atakayekupokea. Mimi kukutazama usoni bado siwezi.

Mama yako