Chokaa Yetu ya Masimba

Mume wangu, Baba Atieno,

Ndugu zako kule ziwani wananiuliza kwa nini sirudi kukaa karibu na kaburi lako. Nawajibu kwamba tanuri letu la chokaa huku Masimba bado linawaka. Hawanielewi. Wewe utanielewa.

Ulipokuwa karani wa stoo mgodini, kila likizo ulirudi na habari moja tu. Dhahabu haisafishwi bila chokaa, ulisema, na chokaa yenyewe inatoka mbali. Mvua ikiharibu barabara, mashine zinanyamaza. "Na sisi kwetu tumeyalalia mawe ya chokaa kama kuku na mayai," uliniambia ukicheka. Ukaacha mshahara. Kaka zako wakasema umerogwa. Mimi niliogopa, lakini sikuwahi kukuona ukiwa na furaha kiasi kile.

Mawe tulikuwa nayo, kuni hatukuwa nazo. Ndipo ukamtafuta Nyangau, Mgusii mwenye shamba la miwati Masimba. Mkaelewana kwa Kiswahili chenu cha kuungaunga, yeye akatoa miti, wewe ukaleta mawe kwa lori la kukodi, tukahamia kwake na kujenga tanuri la kuyachoma.

Nakumbuka mzigo wa kwanza wa kwenda mgodini, kwa kuwa nilikuwemo humo garini nikielekea sokoni Kisii. Mvua ilitukuta njiani, turubai likavuja. Mawe yale yaliyochomwa yakanywa maji, yakachemka, magunia yakaanza kufuka moshi.

"Shukeni! Gari ya wenyewe itaungua!" dereva alipiga kelele, akaruka nje.

Wewe ulipanda juu. Ukatupa gunia baada ya gunia mtaroni mpaka lori likabaki tupu. Liliokoka. Viganja vyako vilibabuka, na chokaa yote ikapotea.

Nyangau alipokuja kukuona, nilijua amekuja kugombana. Miti yake ilikuwa imeteketea bure. Alikaa, akaitazama mikono yako, akasema, "Miwati itamea tena, ndugu yangu. Wewe pona kwanza."

Kisha ukasema, "Chokaa inataka maji. Basi tuinyweshe wenyewe hapa hapa. Ikikata kiu, itasafiri salama."

Na ndivyo tulivyofanya. Tuliimwagia maji kidogo kidogo tukisimama mbali, ikafuka, ikapasuka, ikageuka unga. Wanawake wa Masimba wakaja kunisaidia kuchekecha. Mzigo uliofuata ulipigwa na mvua pia, lakini ukafika salama. Wakaupima mgodini, wakaagiza mwingine. Nyangau alirukaruka kama mtoto: "Mbuya mono! Vizuri sana!"

Nimeona watu wengi wenye nguvu, Baba Atieno. Mtu anayechomwa na kitu, halafu akaketi kukisikiliza kinataka nini, nimemwona mmoja tu.

Ulipofariki, nilidhani mgodi utatuacha. Wiki iliyopita dereva aliugua, Nyangau naye magoti yanamsumbua, kwa hiyo nikapanda lori la jirani na kuupeleka mzigo mgodini mwenyewe. Karani wa getini alinipita, akachungulia garini, akarudi.

"Mama, mwenye chokaa yuko wapi?"

Nilitaka kulitaja jina lako. Kinywa changu kikasema, "Ni mimi."

Akafungua geti.

Pumzika, mpenzi wangu. Huku kazi inaendelea.

Mkeo,
Mama Atieno