Jicho la Dhahabu

Tübingen, 9 Novemba 1968

Kwa dada yangu mpenzi Irmgard,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini goti lako limepoa na shemeji ameacha kugombana na lile jiko la makaa. Mimi ni mzima wa mwili, ila moyo umenichafuka.

Bwana mkubwa wetu, Profesa Ostermann, bado anaumuka kama unga uliotiwa hamira. Ule ubao niliomtengenezea una vitaa mia nne. Vyote huwaka na kuzimika ovyo, ila vya kona moja huwaka na kuzimika pamoja, na jicho, eti, huvikusanya likaviona kundi. Mtazamaji kazi yake ni kuitaja hiyo kona. Kati ya mara mia, mwenye kubahatisha hupata ishirini na tano hivi. Mimi napata tisini na nane. Profesa huniita Jicho la Dhahabu mbele ya wageni, na yeye hajakikalia kile kiti cha mtazamaji hata dakika moja. Debe tupu!

Wiki iliyopita alikaa Wiebke, binti anayesomea shahada ya uzamivu kwetu. Huziba masikio kwa pamba ili atulie. Akapata hamsini na nane. Profesa akamwuliza kama macho hayo kayanunua kwa muuza samaki, akamwambia, binti, nenda kapike viazi, sayansi ina wenyewe. Wasaidizi wake wakacheka, kondoo wale. Jumatatu jina lake linafutwa kwenye orodha ya wanafunzi.

Nami nilicheka, dada. Sasa nikwambie nisilomwambia mtu: kwenye ubao ule sijawahi kuona kundi lolote. Nyuma ya kila kona kuna rundo la swichi, na zikienda pamoja hugonga ta, ta, ta. Mimi husikiliza tu, huku nimekodoa macho kama mwerevu. Jana nilibaki peke yangu, nikaziba masikio kwa pamba ya Wiebke, mashine ikawa inayaandika majibu yangu. Mara mia nzima. Nikapata ishirini na nne.

Aliyeona ni yule binti peke yake.

Jumatatu nitakaa mbele ya Profesa na pamba masikioni. Atanifukuza, kwa hiyo nitandikie kile chumba cha juu. Nisalimie shemeji na watoto.

Ni mimi nduguyo, Sikio la Dhahabu,
Lothar