Mabati ya Boti

Gatwekera, Jumanne, Agosti 1994

Huyu mwanangu Odhiambo ameniudhi kabisa. Ndugu yake kule ziwani analalamika mawimbi yanawarushia abiria maji kwenye boti yake ya kuvushia watu, naye amemtengenezea ukuta wa mabati unaofika kifuani, kama anajenga nyumba.

Nikamwambia, "Upepo ukishika hiyo kitu, boti itapinduka na watoto wa watu. Kata ifike magotini, wajifunike turubai."

"Mama, watalowa kichwa."

"Kwani kichwa hakikauki?"

Mimi nimezaliwa kwa mvuvi, yeye amezaliwa hapa Kibera, lakini ati fundi ni yeye. Amenuna, hajakata, na basi la Kisumu la kuyapeleka linaondoka alfajiri.

Mabati nimeyatia chini ya godoro langu. Nitayalalia mpaka akubali kuyakata, hata kama mgongo utaniuma.