Sentensi za Mwalimu Erastus

Jumatatu, 5 Oktoba 1998

Mwalimu Erastus amerudi hapa ofisi yetu ya kutaipu, Machakos, na tasnifu yake. Mara ya tatu. Kurasa mia na arobaini, zote nimezitaipu mimi — Aprili, tena Julai. Msimamizi wake wa chuo, Dokta Ngina, amezichora kwa wino mwekundu mpaka zinatisha. Ukurasa wa kwanza ameandika neno moja: Sielewi. Wa pili: Sielewi. Wa tano: Bado.

Ni ya shahada ya pili, ya Kiswahili. Anaandika juu ya lugha ya akina mama wa mwethya, wale wanaokutana kuchimba matuta shamba kwa shamba. Amewarekodi kwa kaseti mwaka mzima. Siku za wiki anafundisha, Jumamosi yuko nao shambani na redio begani.

Leo alikaa kwenye benchi la wateja akaangalia viatu vyake. Amepewa mpaka Ijumaa ya wiki ijayo. Ikikataliwa tena, masomo yamekwisha. Ameniomba nirekebishe palipo na wino tu.

Jumanne, 6 Oktoba

Nimekwama ukurasa wa 12. Nainakili hapa nisije nikadhani niliota:

"Utekelezwaji wa uelekezaji miongoni mwa wanakikundi hudhihirika kupitia upunguzwaji wa ulazimishaji katika muktadha wa kimazungumzo."

Mara tatu sasa nimeitaipu, bila kukosa herufi. Sijui inasema nini. Kasiva, mwenzangu hapa ofisini, aliisoma kwa sauti akaishiwa na pumzi.

Kazi yangu ni kutaipu. Niliishia Form Four. Nimefunga mdomo.

Jumatano, 7 Oktoba

Sikuweza.

Mwalimu alipopita saa kumi nilimwonyesha hiyo sentensi. Nikamuuliza, hapa ni nani anamwambia nani, na anamwambia nini? Akakasirika. Hiyo ni lugha ya kitaaluma, akasema, haiandikwi kwa ajili ya kila mtu. Nikamwambia pole, mwalimu. Akachukua mkoba. Akafika mlangoni. Akarudi.

— Kuna mama mmoja anaitwa Munyiva, ndiye kiongozi wao. Watu wakipumzika kupita kiasi hawaambii wainuke. Anashika kiuno, anasema, "Mgongo wangu umeshapoa." Basi. Wote wanainuka.

— Hata yule mvivu?

— Huyo ndiye wa kwanza.

— Sasa mbona Munyiva hayuko hapa?

Akafunua kurasa za mwisho. Kumbe yuko, ila amemweka nyuma kabisa kwenye kiambatisho, kwa herufi ndogo, kama mgeni aliyechelewa.

Tukaanza upya. Yeye anasema, mimi nataipu: "Kiongozi wa kikundi hatoi amri. Anasema jambo kuhusu mwili wake mwenyewe, na wenzake wanajua la kufanya." Halafu maneno ya Munyiva. Halafu maelezo. Nusu ukurasa umekuwa mistari mitano. Mwalimu aliiangalia ile skrini kama mtu aliyeona picha yake gazetini.

Alhamisi, 8 Oktoba

Kurasa kumi na tisa leo! Anakuja shule ikifungwa tu, na chaki bado mkononi.

Nimeiambia kompyuta itafute "katika muktadha wa". Sitini na moja. Tumefuta hamsini na nane. Tatu zilikuwa na kazi, tukaziacha. Kuna neno "tendo-uneni" nililotaka litoke, akakataa. Akasema hilo halina badala: ni pale kusema kwenyewe kunapokuwa kufanya, kama kuapa au kuomba msamaha. Nikamwambia basi andika hivyo hivyo, mara moja, pale linapoingia. Ameandika. Sasa hata mimi najua tendo-uneni ni nini.

Ameanza kujikamata mwenyewe. Anasema "Kwa mintarafu ya—", anasimama, "Hapana, futa hiyo."

Jumamosi, 10 Oktoba

Sikukuu. Nimekuja nyumbani Muthetheni. Nilibeba ule ukurasa wa 12 (Mwalimu aliniruhusu), nikamsomea Mama huku nikiugeuza kwa Kikamba. Alikuwa anachagua mbegu za ndengu. Alicheka mpaka ndengu zikamwagika. Akasema kikundi chao pia kiko na mmoja wa namna hiyo, ila yeye husema mjukuu wake analia nyumbani. Na mjukuu mwenyewe ameajiriwa kiwandani Athi River!

Akaniomba nisome tena. Halafu akasema pole pole, kama anajiambia: kumbe sisi tunaandikika.

Nimeona nimwambie Mwalimu.

Alhamisi, 15 Oktoba

Stima ilipotea saa nne asubuhi. Ikarudi saa tisa. Saa zote hizo tano Mwalimu, aliyeomba ruhusa shuleni, hakukaa. Sura ya mwisho ilikuwa haijamalizika, akaimaliza kwa kalamu, amesimama dirishani. Nilipoitaipu sikukuta hata sentensi moja ya kuuliza.

Tumechapisha zote. Kurasa tisini na sita. Kesho anazipeleka Nairobi mwenyewe.

Ijumaa, 23 Oktoba

IMEPITA. Atakwenda kuitetea Desemba.

Aliingia ofisini bila kubisha, akaweka ile tasnifu mezani, akaifungua ukurasa wa 12. Wino mwekundu ule ule. Pembeni Dokta ameandika: Sasa namwona huyu mama. Kasiva akapiga makofi. Wateja wawili wakapiga pia, bila kujua ni ya nini.

Dokta alimuuliza nini kilibadilika. Akamwambia ukweli — kwamba mtu anayemtaipia alimuuliza swali. Nilishtuka, nikadhani nimemharibia. Lakini Dokta amenitumia bahasha. Ndani ni makala yake mwenyewe, kurasa kumi na mbili, na kikaratasi: "Nthambi, weka alama kila unapokwama. Usiniogope."

Namuogopa.

Jumatatu, 26 Oktoba

Sentensi yake ya kwanza iko na mistari saba. Nimeisoma wakati wa chai, na wakati wa chakula, na sasa. Nimeweka alama. Ya pili pia. Kasiva anasema nimepata wazimu, huyo ni Dokta.

Makala inarudi na alama arobaini na tatu. Mwalimu ataipeleka kesho.

Jumanne, 3 Novemba

Dokta Ngina yuko Machakos! Alikuwa na mkutano hapa mjini, akauliza ofisi mpaka akaipata. Mwanamke mfupi, sweta ya kijani, sauti ya chini. Makala yake alikuwa nayo. Alisema alama arobaini na moja ni halali yangu. Mbili tutabishana. Akauliza kama niko na saa moja. Nikasema nikimaliza barua ya mteja. Akasema basi aende ale kwanza, atarudi saa nane.

Barua nimeimaliza. Nimepangusa kiti cha pili. Hizo mbili nimezisoma upya na bado sizielewi, na nitamwambia hivyo.

Saa nane kasoro. Namwona kwa dirisha, anavuka barabara, makala kwapani. Anaongea peke yake. Amesimama katikati, ameifungua, anaandika kitu, na gari linampigia honi. Analinyoshea mkono lisubiri, anamaliza kuandika, anakuja; naweka kalamu chini.