Sindano na Ndoto ya Mtume

Izigo, 3 Novemba 2024

Mwanangu Edvina,

Nakusalimu katika Bwana. Sisi tu wazima, ila mguu wangu umevimba tena. Sukari yako je? Binamu yako Verdiana katoka Bukoba akaniambia unasali kwa yule Mtume wa Kashai, na umeacha sindano. Sikutaka kuamini. Niambie wewe mwenyewe. Na usome Yoshua bin Sira, sura ya thelathini na nane: tabibu naye ameumbwa na Mungu.

Mae wako,
Gaudiosa

Kashai, 9 Novemba

Mpendwa Mama,

Amani iwe kwako. Nimepona. Mtume aliota malaika akiivunja sindano yangu. Kitabu cha Sira hakimo katika Biblia yetu. Ni nyongeza ya wanadamu, kama rozari. Sisi tunafuata Neno peke yake. Usipige simu, Mtume amezikusanya ili tufunge. Na usitume watu kunichunguza.

Binti yako,
Edvina

Izigo, 12 Novemba

Edvina,

Hujambo? Tangu lini naitwa “Mpendwa Mama” badala ya Mae? Hata mguu hukuuliza. Nani alisimama nyuma yako ukiandika?

Haya, Sira tumwache. Nimeazima Biblia ya Celina, jirani yetu Mlutheri. Ni kama yako. Humo Paulo anamwambia Timotheo anywe divai kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Hakumwambia angoje ndoto. Mwulize Mtume wako mbele ya watu: ndoto yake imeandikwa sura gani?

Mae

Bukoba, 25 Novemba

Mae,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Naandika nikiwa wodini. Usishtuke, sukari inashuka.

Jana nilisimama ibadani nikamsomea Mtume habari za Timotheo. Akacheka: “Dada, Paulo hakuoneshwa niliyooneshwa mimi.” Watu wakapiga makofi. Nikamwuliza, “Umeoneshwa wapi? Tusome wote.” Akashuka, akainyakua Biblia mikononi mwangu. “Hii haikufai tena. Nisikilize mimi.”

Mae, tuliambiwa Neno peke yake, kumbe hata Neno lenyewe linanyang’anywa! Nilitoka, sukari ikanizidi, nikaanguka mlangoni. Rose, ninayepanga naye chumba, ndiye aliyeniwahisha hospitali.

Sitakudanganya: kanisani kwenu sijarudi. Yeyote atakayeniambia “Mungu amesema”, awe mtume, awe padre, hata wewe, nitamwuliza wapi, kisha nitasoma mwenyewe. Kama hilo linakuudhi, njoo unikaripie hapa hapa wodini. Nakungoja.

Mwanao,
Edvina