Yule Kipepeo wa Kwenye Wimbi

Mpendwa Baba Moraa,

Palizi ya wimbi imefika tena hapa Kiogoro, ya kwanza tangu tukuzike, na sina wa kubishana naye.

Unakumbuka risaga yetu ya mwanzo, miaka ile ya sitini, majirani walipokuja kutusaidia kupalilia? Wote mstari mmoja, na mwenye shamba, anayetakiwa kuwa mbele, amechuchumaa nyuma kabisa akifunua jani la wimbi lililojisokota kama sigara. Ndani mlikuwa na kiwavi wa kijani, kichwa kikubwa, shingo nyembamba.

"Usimuue," ukaniambia. "Nyumba hii ameishona kwa nyuzi zake. Mchana hujificha, jioni hutoka kula."

"Anakula uji wa mwanangu," nikakujibu. Watu walicheka, nami niliona aibu kwelikweli.

Baadaye viwavi wale wakageuka wadudu warukao, wadogo, wa kahawia, madoa meupe mbawani. Mimi nikasema nondo. Mnene hivyo, rangi ya vumbi, atakuwa nini kingine? Wewe ukashikilia ni kipepeo: tazama ncha za vipapasio zilivyojikunja kama ndoana, tazama anavyotua, mbawa za mbele kaziinua, za nyuma kazilaza. Na hapepei kwa madaha kama wenzake, hurukaruka tu, ukipepesa jicho keshahama.

Nilikuelewa siku ileile. Lakini ningekubali, tungezungumza nini miaka yote hiyo? Kila palizi nilisema nondo, nawe ukaweka jembe chini kunifundisha upya.

Sasa Moraa anataka nihamie kwake Mosocho, na hapa papandwe chai. Nilikataa. Nilimwambia siwezi kumwacha baba yake peke yake. Ni mtoto mwema, ila kila nisemalo hujibu, "Ndiyo, mama." Nitaishije na mtu wa namna hiyo?

Jana nilimwona mmoja ametua juu ya jani. Nikasema kwa sauti, "Nondo huyo." Nikasimama na jembe langu, nikangoja. Nikasema tena. Nina upweke, Baba Moraa. Hata hasira zangu hazina pa kwenda.

Jioni nilimtumia Moraa salamu aje anichukue. Nilidhani nabaki hapa ili nisikuache, kumbe wewe ulishaondoka siku nyingi.

Lala salama, mbishi wangu.

Mkeo,
Mama Moraa